Hata Ikirisetiwa, Bado Ina Mwenyewe



Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo Tandika, Temeke, katikati ya muuza viatu vya mtumba na mama wa chapati, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa sasa. Tukizungumzia amri ya saba, usiibe, mara nyingi tunawataja mafisadi wakubwa, halafu wote tunatikisa kichwa kwa raha kwa sababu hawamo humu. Leo naomba tuongelee kitu ulichokishika mkononi sasa hivi unaposoma.

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuja kibandani na kuniambia, "Kaka fundi, simu imelock Gmail, nitolee." Simu imerisetiwa, ukiiwasha inakusalimia vizuri kama mpya, unachagua lugha, unaunga intaneti, halafu inagoma. Inataka akaunti iliyokuwemo mwanzo. Huijui? Basi unabaki na kipande cha kioo cha kujitazamia uso. Hapo ndipo fundi anapotafutwa, na hapo ndipo mimi nilipokuwa napata hela ya kodi.

Kabla sijasimulia kilichonikuta, tuelewane kuriseti ni nini, maana wengi wetu tunakosea.

Kuriseti ni kuirudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Picha, meseji, majina, programu ulizopakua, vyote vinaondoka. Tena vinaondoka kweli. Simu za siku hizi huandika vitu vyako kwa mafumbo, na ufunguo wa kuyasoma mafumbo hayo unakaa humo humo ndani ya simu. Ukiriseti, ufunguo unateketezwa. Hata kama mabaki ya picha yamo bado kwenye kumbukumbu, hakuna wa kuyasoma. Ndiyo maana mtu akija analia nimrudishie picha za harusi baada ya simu kurisetiwa, namwambia ukweli mapema asipoteze nauli kuzunguka Kariakoo nzima.

Lakini yapo mambo ambayo kuriseti hakuyagusi. Namba ya IMEI, ile ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#, haibadiliki. Vitu ulivyokuwa umevihifadhi kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple vipo huko huko. Salio la pesa kwenye laini halimo ndani ya simu, kwa hiyo nalo lipo. Na kumbukumbu ya kwamba simu hii ni ya fulani, nayo ipo.

Hili la mwisho lina historia yake. Miaka kumi na kitu iliyopita, mwizi akikupora alikuwa anariseti tu, na jioni hiyo hiyo simu inauzwa kama haijawahi kuwa na mwenyewe. Tatizo hilo halikuwa letu peke yetu wa Temeke na Kinondoni. Huko Marekani lilikuwa kubwa hadi Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2014 kwamba simu mpya zinazouzwa kule kuanzia Julai 2015 ziwe na namna ya kujifunga zikiibwa. Apple walikuwa wameshaanza mwaka 2013 na iOS 7: iPhone ikirisetiwa, kabla ya kufunguka inauliza kwanza kwenye mitambo ya Apple kama kuna mwenyewe aliyeifunga. Google walifuata mwaka 2015 na Android 5.1. Kwenye Android, alama ya akaunti yako inawekwa sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyotengwa, ambayo kuriseti kwa vitufe haiifuti.

Angalia hapo kwenye vitufe. Mwizi hana namba yako ya siri, kwa hiyo anazima simu na kuiriseti kwa kubana kitufe cha sauti na cha kuwashia. Mwenye simu hufanya tofauti: anaingia kwenye mipangilio, anaandika namba yake ya siri, anatoa akaunti yake, ndipo anariseti. Kitendo ni kile kile, na picha zinafutika vile vile. Ila simu inajua ni nani ameingilia mlangoni na ni nani amepitia dirishani.

Mafundi tukajifunza kuingilia hilo dirisha. Sitaeleza namna. Kampuni zinaziba tundu moja, mtaani linagunduliwa lingine, ndivyo ilivyo mpaka leo. Nilichotaka ujue ni kwamba mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilikuwa naenda Misa kila Dominika na kupokea Komunyo bila wasiwasi. Nilijiambia mimi siibi. Mimi nafungua.

Sasa kilichonikuta. Ilikuwa mwaka 2022, baada ya Pasaka. Kijana mmoja, kavaa vizuri, ana adabu zake, akaniletea Tecno iliyojifunga. "Ya dada yangu hii, kasahau Gmail." Sikumuuliza swali la pili. Niliifungua kwa elfu ishirini, nikaandika kwenye daftari langu tarehe, aina ya simu na IMEI. Daftari hilo naliandika kwa ajili ya wateja wanaorudi kudai eti umeniharibia. Akaondoka, nami nikanunua chapati mbili na maharage.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kwenye jumuiya, nyumbani kwa dada mmoja anayeishi upande wa Mtoni. Sitamtaja jina. Tulipofika kwenye maombi ya waamini akaombea roho ya mama yake, aliyefariki mwezi Januari, halafu akaanza kulia. Baada ya sala ndiyo akaeleza. Simu yake ilinyakuliwa dirishani mwa daladala, na humo ndani kulikuwa na sauti za mama yake, zile meseji za kurekodi za WhatsApp, alizokuwa anamtumia kutoka hospitali. Alikuwa anazisikiliza usiku.

Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa jumuiya, akaniletea boksi la simu. "Kaka, nimeambiwa wakisharisetiwa wao basi, haina haja hata ya kwenda polisi. Ni kweli?"

Nikatazama boksi. Tecno, rangi ile ile. Nikajifanya napiga picha namba ya IMEI nikaangalie kazini. Sikuhitaji kusubiri kesho. Nilitoka pale saa mbili usiku nikaenda moja kwa moja kufungua kibanda, nikawasha tochi, nikafungua daftari. Tarakimu zote 15.

Jumamosi nikaenda kuungama. (Mimi naruhusiwa kusimulia ya kwangu, padre ndiye aliyefungwa mdomo.) Nilieleza kwa kuzunguka sana, kwamba nimeshiriki bila kujua, kwamba ni kazi, kwamba kijana alinidanganya. Padre akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ulimuuliza kijana boksi?"

"Hapana, padre."

"Kwa nini?"

Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Ukiuliza boksi, mteja anaondoka.

Akanieleza kwamba maondoleo ya dhambi anayoyatoa Mungu ni ya kweli, lakini hayamlipi dada yule simu yake. Akaniambia nikasome Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459 na 2412. Nilizisoma usiku huo kwenye simu. Ya kwanza inafundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi, ila hayatengenezi vurugu zote ambazo dhambi imezileta, na mkosaji anatakiwa afanye anachoweza kurekebisha madhara, kama kurudisha vilivyoibwa. Ya pili ndiyo iliyonikamata shingoni. Inamtaja Zakayo wa Luka sura ya 19, aliyejitolea kurudisha mara nne, halafu inaendelea kwa wale waliochukua cha mtu, moja kwa moja au kwa njia nyingine, na wale walioshiriki wizi kwa namna yoyote au kufaidika nao wakijua: walioagiza, waliosaidia, waliopokea mali ya wizi. Wote wanawajibika kulipa, kila mmoja kadiri ya wajibu wake na faida yake.

Mimi faida yangu ilikuwa elfu ishirini. Lakini bila mimi, ile simu isingekuwa na bei. Mwizi alikuwa ameshika kitu kilichokufa, nikakifufua mimi.

Na nisije nikaonekana ninaongelea dini tu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, inahesabu kuwa kosa kupokea mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. "Sababu ya kuamini" ndiyo hiyo simu ya bei mbaya inayouzwa nusu bei na mtu asiyejua hata Gmail yake. Kubadilisha IMEI ni kosa peke yake chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010.

Padre alinipa njia ya kurudisha kwa siri, kupitia yeye, bila dada kujua ni nani. Kanisa linaruhusu hivyo, kwa sababu mtu halazimiki kujivunjia heshima hadharani ili atimize haki. Nilikaa na jambo hilo siku nne. Mwishoni nikaamua kusema, si kwa ushujaa wowote, ila nilijua nisingeweza kukaa naye kwenye jumuiya kila wiki nikimwona anavyoniita kaka.

Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Akauliza, "Ulipoishika, sauti zilikuwemo?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: zilifutika pale mwizi alipobana vitufe, kabla haijanifikia. Akasema, "Kwa hiyo hata ungekataa, zisingerudi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini ungenipigia." Kwa kweli nisingejua nimpigie nani. Ila ningekuwa na simu mkononi na swali mdomoni, na kijana angelazimika kuiacha au kukimbia.

Tulikubaliana laki mbili, nikalipa elfu arobaini kila mwezi kwa miezi mitano. Pia nilimsindikiza akachukue RB polisi, kisha tukaenda kwa mtandao wake wa simu na ile karatasi ili IMEI ifungiwe. Hili naomba vijana tulijue, maana ule uongo aliokuwa ameambiwa umeenea mno: IMEI haifutiki kwa kuriseti. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina mfumo wa pamoja wa kutunza hizo namba, na simu iliyofungiwa humo haishiki mtandao wowote wa nchini, hata ukibadilisha laini mara kumi. Mfumo huo ndio uliozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, wengi mnakumbuka. Simu ya dada haikupatikana. Lakini aliyeinunua, popote alipo, hapigi simu nayo hapa nchini.

Kisha tukajaribu akaunti. Gmail ile hakuifungua yeye, aliifungua kijana wa dukani siku aliponunua, na paswedi akaondoka nayo kichwani. Hii ni kawaida kabisa mjini hapa, na ni hatari. Tulikuwa tumesharudisha laini yake kwa namba ile ile, na kwa bahati kijana wa dukani alikuwa ameiandikisha namba hiyo kwenye akaunti, kwa hiyo Google wakatuma tarakimu za uthibitisho tukaingia. Majina ya watu yalirudi, zaidi ya mia mbili. Kuhifadhi mazungumzo ya WhatsApp hakukuwahi kuwashwa. Sauti za mama hazikurudi.

Tangu hapo nina utaratibu: hakuna boksi au risiti yenye IMEI inayolingana, sifungui. Ila utaratibu huo nao ulinipeleka kwenye kosa la pili, na hapa nataka tusome Tobiti sura ya 2, kuanzia aya ya 11. Tobiti amepofuka, mkewe Ana anafuma nguo kwa watu ili wale. Siku moja waajiri wanamlipa ujira wake na kumwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi analia ndani ya nyumba. Tobiti anauliza ametoka wapi, asije akawa wa wizi, arudishwe kwa wenyewe, maana hawana haki ya kula kitu cha wizi. Ana anajieleza, lakini mume hamwamini, anazidi kusisitiza arudishwe, mpaka mke anamjibu kwa uchungu kuhusu hizo sadaka zake na matendo yake mema. Sura ya 3 inaanza na Tobiti akilia.

Zamani niliposikia somo hili nilimwona Tobiti ndiye shujaa. Swali lake lilikuwa zuri, kweli. Lakini mbuzi hakuwa wa wizi. Alikuwa na haki ya kuuliza, akakosea kutosikiliza jibu.

Mwaka jana mama mmoja mtu mzima kutoka Yombo aliniletea simu iliyojifunga, hana boksi, hana risiti. Nikamkatalia, tena kwa sauti ambayo mama wa chapati aliisikia. Kumbe mwanae yupo Mwanza, ndiye aliyemnunulia na kumwekea Gmail yake mwenyewe, na mjukuu ndiye aliyeiriseti akichezea vitufe. Mama aliondoka kimya. Mama wa chapati, ambaye wanasali naye, akaniambia, "Mwanangu, yule hajawahi kuchukua hata ndoo ya mtu." Nilimfuata nyumbani siku ya pili, nikamwamkia, nikaomba radhi, tukampigia mwanae kwa video. Akaandika akaunti yake, simu ikafunguka kwa dakika mbili. Hakukuwa na cha kuvunja. Loki ile haijawekwa kumkomoa mwenye simu. Inataka tu ajitambulishe.

Kwa hiyo siku hizi mtu akija bila boksi, simfukuzi. Nauliza nani aliiwekea akaunti, tunampigia. Kama ni kusahau paswedi, tunairudisha kwa namba ya simu. Google wanashauri usubiri saa 24 baada ya kubadilisha paswedi kabla ya kuriseti tena. Kama ni iPhone na ana risiti halisi ya kununulia, Apple wenyewe wanapokea maombi ya kuifungua. Na simu ya mkopo iliyojifunga kwa sababu marejesho yamekwama, hiyo naomba usiniletee. Ile bado si yako yote, ongea na waliokukopesha.

Nawe unayenunua simu ya mkononi, iwe Makumbusho, Kariakoo au kwa jirani yako: mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, ariseti kwa kupitia mipangilio, muwashe pamoja mpaka mwisho ionyeshe skrini ya kwanza. Kwenye iPhone ajitoe kwanza kwenye iCloud. Bonyeza *#06#, linganisha na boksi, tuma namba hiyo kwenda 15090 uone kama jibu linataja aina ya simu uliyoshika. Muuzaji mwenye haraka kuliko wewe, muache aende na haraka yake. Na ukiibiwa, anza na laini kabla ya simu: azima ya mtu upige 100 wafunge, maana pesa zipo huko. Akaunti yako iandike jina na paswedi kwenye karatasi nyumbani, leo, kabla hujalala. Na kama una sauti ya mtu unayempenda humo ndani, washa kuhifadhi mazungumzo.

Daftari langu la zamani bado ninalo. Nimehesabu simu nilizofungua bila kuuliza kabla ya ile Pasaka, zimefika arobaini na moja. Sijui ngapi zilikuwa za wizi na ngapi zilikuwa za watoto wa Mwanza. Nilimuuliza padre nifanye nini na wenyewe wasiojulikana, akaniambia mali ya mtu asiyeweza kupatikana huenda kwa maskini. Kila mwisho wa mwezi napeleka kiasi Karitasi ya parokia na kuweka tiki kwenye mstari mmoja. Nimefika wa kumi na sita.

Juzi Alhamisi alikuja kijana na simu nzuri, imejifunga. Nikamuuliza boksi. Akasema lipo nyumbani. Nikamwambia sawa, nipo mpaka saa moja usiku, au tumpigie aliyekuuzia. Akacheka, akavuka barabara akaenda kibanda cha pili. Baada ya nusu saa nilimwona anahesabu noti, simu inawaka mkononi. Siku hiyo nilifunga kibanda nikiwa na elfu nne.

Ile IMEI niliisoma kwenye skrini alipokuwa amesimama mbele yangu, nimeiandika. Kama umeporwa Samsung nyeusi wiki iliyopita upande wa Temeke, njoo na boksi lako.